Yadi Kumi na Tano

Saskatoon, 6 Septemba 2009

Mpendwa mpwa wangu Halya,

Kabla ya salamu nitasema nililolificha kwa miaka thelathini na minane, maana nikianza na salamu najijua, nitaishia kwenye hali ya hewa. Pigo lililomvunja baba yako shingo si la Dale Purvis. Mwili ulikuwa wake. Amri ilikuwa yangu.

Sasa nikusalimu. Natumaini wewe na Gordon hamjambo, na mgongo wake umepungua kumsumbua sasa kwa kuwa mmemaliza kuvuna. Mimi niko palepale kwenye nyumba ya wazee ya parokia, chumba kinachotazama maegesho ya magari. Mapafu yanajaa maji, wanayanyonya, yanajaa tena. Daktari ni binti mwenye adabu sana. Aliniambia Pasaka nisiihesabu. Jumapili wanatupa kabichi zilizoviringishwa na wali, hazina chumvi wala kitunguu. Mama yako Stefka angezimwagia mbwa.

Umeshapata barua ya kamati ya klabu, najua, kwa sababu wamenipa nakala. Wanataka kulirudisha jina la Dale kwenye ukuta wa wachezaji pale klabuni, pale lilipofutwa kwa rangi nyeupe wiki moja baada ya mechi ile. Binti yake ndiye ameomba. Kamati imesema italirudisha kama familia ya Walter Dmytruk itaridhia kwa sahihi, na katika familia hiyo umebaki wewe peke yako. Nasikia umekataa.

Jina langu liko kwenye ukuta huohuo, kwa shaba. Nilikuwa mwalimu wa Kilatini na historia, nikawa kocha wa futiboli yetu ya Kanada, ile ya kofia ngumu na mpira wa kushikwa mikononi, kwa miaka thelathini na mmoja, nikachukua kombe mara nne. Kuna barabara yenye jina langu karibu na uwanja. Watu wazima hunyanyuka ninapoingia mgahawani. Yote hayo nimeyapokea huku nikijua kwamba kijana wa shamba alikuwa akitukanwa kwa kosa langu.

Siku ile, robo ya tatu, baridi ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Nilivua glavu ya mkono wa kushoto na kuiweka mfukoni. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Dale aliiona. Uliyoyaona wewe ukiwa jukwaani na mama yako, yalianzia kwenye glavu hiyo.

Tia sahihi, Halya. Usinifanyie mimi. Mfanyie yeye.

Nakuombea afya na theluji ichelewe,
Mjomba wako, Orest

*

Lethbridge, 29 Septemba 2009

Mjomba Orest,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Gordon amerudi kwenye trekta ingawa nilimkataza. Mjukuu wetu ameota meno mawili na anamuuma kila anayembeba, Gordon anasema huyo ni beki wa kati. Pole kwa mapafu. Nimekutumia soksi za sufu na mtungi wa matango ya siki, usile yote siku moja.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, kisha nikaisoma nimekaa. Siiamini.

Nakujua, Mjomba. Wachezaji wako umewabeba maisha yako yote. Mmoja alipolewa akagonga ukuta wa benki, ulisema wewe ndiye uliyekuwa kwenye usukani. Sasa unataka kufa ukiwa umembeba na huyu.

Nilikuwa na miaka tisa. Niliuona mpira juu, mdogo kama njiwa, nikamwona baba amesimama chini yake peke yake, ameinua uso. Nilimwona yule mtu akija. Hakupunguza mwendo. Kofia yake iliingia chini ya kidevu cha baba, na ule mlio nikausikia safu ya ishirini na nane. Baba alianguka mikono ikiwa bado imekunjwa kifuani kana kwamba ameshika mpira. Damu ilitoka puani ikaganda kabla machela haijafika. Purvis alisimama pale akimtazama. Hakuna aliyemlazimisha kusimama.

Halafu ikaja miaka ishirini na miwili ya baba kitandani, amepooza. Nilimnyoa, nikamlisha, nikamgeuza kila saa tatu ili asioze mgongo. Nilikataa kwenda chuo. Wewe ulikuja kila Pasaka ukamlisha kwa kijiko, nakushukuru kwa hilo. Purvis hakuja hata siku moja.

Sitatia sahihi. Na kama umeandika haya kunilainisha, umekosea njia.

Kunywa dawa zako,
Halya

*

Saskatoon, 17 Oktoba 2009

Halya wangu,

Soksi zimefika, ninazo miguuni. Matango nimekula nusu, muuguzi amekula nusu. Mzee Kostiuk wa chumba cha pili amefariki Jumanne, nimerithi redio yake. Baridi imeshika mapema.

Unasema nimembeba. Basi nikueleze nilivyomfinyanga, uamue mwenyewe.

Marekani mpokeaji wa mkwaju, yule anayesimama chini ya mpira uliopigwa juu ili audake, akiogopa huinua mkono, na hapo hagusiki. Kwetu hakuna mkono. Kwetu anapewa yadi tano kila upande, na asikanyage mtu ndani yake mpaka mpira umguse. Ukiingia kabla, timu yako inarudishwa yadi kumi na tano. Makocha wote waliwafunza watu wao kusimama nje ya yadi zile na kusubiri. Mimi nikaketi na kujiuliza yadi kumi na tano ni kitu gani. Ni mbio mbili nzuri. Lakini mpokeaji akitolewa kwa machela, anayefuata hataitazama hewa. Ataitazama miguu inayokuja. Ataudondosha mpira mechi nzima, na mwaka mzima. Kwa hesabu hiyo adhabu ilikuwa ndogo mno.

Nilitundika gunia la ngano kwenye boriti ya ghala, nikachora mstari wa chaki mahali pa kidevu. Wakakimbia yadi thelathini na kulipiga kwa kofia, mmoja mmoja, asubuhi nzima, wengine wanatapika, mmoja akavunjika mfupa wa bega nikamwambia apishe njia. Dale alikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto wa wafuga nguruwe kutoka upande wa Rosetown, mpole hata wenzake walimwita Shemasi. Alipasua magunia sita. Nikajua nimempata mtu wangu.

Kabla ya baba yako walikuwa watatu. Wa kwanza taya lilivunjika sehemu mbili. Wa pili aliukata ulimi wake kwa meno yake mwenyewe, kipande kikaokotwa kwenye nyasi kwa leso. Wa tatu goti liligeuka, mguu ukatazama nyuma. Kila mara tulirudishwa yadi kumi na tano, kila mara tulishinda, na magazeti yakaandika kwamba timu yangu ina ari.

Jumamosi, siku moja kabla ya mechi ile ya kuamua nani anakwenda fainali, nilimwita Dale ofisini nikamtajia namba ishirini na mbili. Akanitazama.

"Kocha, huyo si shemeji yako?"

"Jumapili sina shemeji."

"Ana watoto wawili, Kocha. Yule mdogo alinipa peremende mwaka jana."

"Kama huwezi, sema sasa. Wako kumi wanaoitaka jezi yako."

Alitoka bila kufunga mlango.

Na alisimama pale juu ya baba yako kwa sababu alikuwa akinitazama mimi, Halya. Wewe hukuweza kuona hivyo kutoka safu ya ishirini na nane. Alinitazama hadi nilipogeuka.

Unajua yaliyompata baada ya hapo. Chupa zilirushwa. Ghala la baba yake likachomwa na nguruwe arobaini wakiwa ndani. Mwezi wa kumi na mbili wanaume watatu walimvizia nyuma ya hoteli wakampiga kwa mpini wa shoka, jicho la kushoto likatoka. Alikuja kwangu akiwa na bandeji kichwa kizima, akaniomba niseme neno moja tu gazetini. Nilimwambia akitamka kwamba nilimwagiza, nitasema ni mwongo, na kila mtu ataniamini mimi. Kisha nikamwondoa kikosini. Mwaka uliofuata tukachukua kombe.

Mimi ni huyo. Tia sahihi.

Wako katika damu,
Orest

*

Lethbridge, 21 Novemba 2009

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa, nisamehe. Gordon amelazwa siku nne, mgongo, sasa yuko nyumbani analalamika kuhusu chai yangu, kwa hiyo amepona. Mjukuu anasimama akishika kiti.

Nilichelewa pia kwa sababu nilikwenda kwa Purvis. Sikumwambia mtu. Niliendesha siku nzima hadi Rosetown.

Nilimkuta uani anachinja nguruwe. Theluji ilikuwa nyekundu hadi mlangoni na yeye alikuwa mwekundu hadi viwikoni. Mzee mkubwa, jicho moja, lile lingine limeshonwa. Alinitazama kidogo tu, akaendelea kukata.

"Wewe ni wa Walter," akasema. "Umechukua paji lake."

"Ndiyo."

"Umekuja na mpini?"

"Nimekuja na keki ya mbegu za mpopi."

"Basi iweke mbali na damu, mama."

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia hata Gordon. Ule mpini aliushika kaka yangu Taras, na miaka yake kumi na mitano, wanaume wawili wa hapa walimpeleka kwa gari. Alikuja nyumbani alfajiri, mikono ya koti imekauka kwa damu na kitu kingine cheupe. Mama hakuuliza. Alichemsha maji, mimi na yeye tukalifua lile koti kwenye beseni, mimi nikisugua kwa brashi ya viazi. Nilifurahi, Mjomba. Nilisugua nikiimba. Taras amekufa na hilo, na mimi nimekaa nalo. Ndiyo maana jina la Purvis ukutani lilikuwa linanitisha. Niliona likirudi pale, nami nitarudi kwenye lile beseni.

Nilimwambia Purvis yote. Alipangusa kisu kwenye aproni. Akasema alijua ni Taras tangu siku ileile, maana Taras alikuwa akilia wakati anampiga, na hakwenda polisi kwa sababu aliona ni haki ya yule kijana. Nililia pale uani kati ya matumbo ya nguruwe. Akanipa kiti. Hakunigusa.

Tulikula keki. Akaniambia habari zako, na zilikuwa kama ulivyoziandika: glavu, gunia, peremende. Kwa hiyo nakuamini, na naona vibaya kukuamini.

Lakini alisema na jambo ambalo wewe hukuandika. Kwamba Jumamosi ile ulimchorea ubaoni. Ulimwambia: "Huyu akiinua kichwa kufuata mpira, hakitashuka haraka. Una sekunde nzima. Usiogope, hatakuona." Purvis akakuuliza unajuaje. Ukamwambia afanye kazi yake.

Mjomba, ulijuaje?

Fomu ninayo. Nitatia sahihi siku nitakayopata jibu, si kabla. Kamati inakutana tarehe kumi na tano Januari.

Ni mimi,
Halya

*

Saskatoon, 9 Desemba 2009

Halya,

Nimefurahi Gordon ameinuka. Mwambie asibebe kuni. Hapa wamepamba mti ukumbini na umeanguka mara mbili. Utanisamehe mwandiko. Wiki iliyopita walininyonya lita moja na nusu.

Kuhusu swali lako. Kocha hutazama filamu. Nilitazama mechi zote za timu ya baba yako za mwaka ule, mbele na nyuma, ukutani kwenye chumba cha kulia hadi mke wangu Olga akalalamika. Ukitazama sana unayaona mambo ambayo mtu mwenyewe hayajui. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, shingo za wachezaji huwa ngumu katika umri huo. Ndivyo nilivyojua.

Mfanyie haki Purvis, usimwadhibu kwa ajili yangu.

Mjomba

*

Lethbridge, 23 Desemba 2009

Mjomba Orest,

Tuko wazima. Theluji imefunga barabara ya kaskazini. Nimeanza kuloweka ngano ya Mkesha wa Krismasi yetu ya Januari, ingawa bado wiki mbili, kwa sababu mikono yangu inataka kazi.

Filamu haikuonyesha. Baba aliumia Jumanne ya wiki ileile, mazoezini hapa Lethbridge, alipoteleza kwenye barafu akaangukia kisogo. Hakuna aliyepiga filamu Jumanne. Jumapili iliyotangulia alidaka mikwaju saba na kichwa chake kilipanda na kushuka kama cha kuku, nimemuuliza Purvis, uliwaonyesha filamu yake, anakumbuka.

Hakumwambia daktari wa timu wala kocha wake, maana angeachwa na mkataba ulikuwa unaisha. Jumanne na Jumatano mama alimchua kwa mafuta ya bata bukini. Mimi nilishika bakuli. Tulijua watu wanne ndani ya nyumba ile, na tulikatazwa kusema. Alhamisi, saa tisa usiku, walipanda basi kuja kwenu.

Mama aliwahi kukupigia simu? Ni yeye? Nimelala na swali hilo wiki mbili. Kama mama yangu ndiye aliyekwambia, kwa kukulilia kama dada anavyomlilia kaka, niambie, nitalibeba. Usinipe filamu.

Fomu iko mezani. Haina sahihi.

Halya

*

Saskatoon, 8 Januari 2010

Mpendwa Halya,

Kristo amezaliwa. Jana padri alituletea ngano yenye asali, nikala vijiko vitatu. Wananiwekea mito mitatu nyuma, kwa hiyo naandika nimekaa. Salamu kwa Gordon, na kwa huyo anayeuma watu.

Si mama yako. Stefka hakunipigia simu. Ondoa hilo moyoni leo hii, kabla hujasoma mstari unaofuata. Dada yangu alikufa hajui lolote, na alinipikia kila Pasaka kwa moyo mweupe.

Ile Alhamisi ilikuwa siku ya kukumbuka waliokufa vitani. Maduka yalifungwa. Olga alikuwa ukumbi wa kanisa na wanawake wengine wakikanda unga. Basi la timu yenu lilifika saa tano asubuhi, na mchana Walter akaja kwangu kwa miguu, ua jekundu la karatasi kifuani. Ilikuwa desturi yetu, unakumbuka, timu zetu zikikutana tulikula pamoja siku chache kabla na hatukuongea mpira. Wengine walituona wehu. Miaka saba hakuna aliyeivunja desturi hiyo.

Nilipasha supu ya bitiruti. Alishindwa kuinua bakuli, akainamia kama ng'ombe. Nikamuuliza una nini. Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akafunga mlango wa jikoni ingawa nyumba ilikuwa tupu.

Akasema, "Shemeji, sikuja kwa kocha. Nimekuja kwa kaka wa mke wangu. Shingo imekataa. Nikitazama juu inapanda, lakini kushuka haishuki, naona nyota na mkono wa kulia unakufa ganzi."

Nikamshika kisogo. Nilisikia mfupa mmoja umetoka mahali pake, chini ya kidole gumba changu. Nimesoma vitabu vingi, na kama nisingesoma hata kimoja ningeelewa.

Nilipokuja kila Pasaka kumlisha pamoja nawe, mwaka baada ya mwaka, ulidhani ananitazama kwa upendo. Mimi sijui alinitazama kwa nini. Aliweza kusema, Halya, midomo ilimbakia, na hakusema kwako, wala kwa Stefka, wala kwangu. Nilikuwa nikimpa supu na kusubiri. Miaka ishirini na miwili nilisubiri aseme mchana ule nilimjibu nini.

Maana nyuma yake alikuwepo yule Mmarekani wa Georgia, mpokeaji wa akiba, mwenye mbio kuliko mtu yeyote kwenye ligi. Nilikuwa nimemwogopa wiki nzima. Walter akikaa nje, yule angeingia, naye Dale asingemfikia hata kwa yadi mia. Hayo yalinipitia kichwani wakati kidole changu bado kiko kwenye shingo ya baba yako. Hayakuchukua muda. Nilikuwa kocha mzuri, nilifikiri haraka.

Akaniuliza, "Nicheze au nisicheze? Sema wewe. Ukisema nikae, naenda sasa hivi kwa daktari wa timu, mkataba ufe."

Nilimwambia acheze.